Kupanda Mti Mahali Pake

(Hotuba ya ibada ya asubuhi redioni. Masomo: Mwanzo 2:8-15, Mwanzo 21:33, Yeremia 32:6-15.)

Asubuhi hii twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya miti. Labda yuko mtu aliyeketi jikoni na kikombe chake cha chai, naye auliza: Je, mchungaji hana neno la wokovu leo, hata atuletee habari za miti? Twamwomba avumilie kidogo. Biblia yaanza habari za mwanadamu ndani ya bustani, na katika sura yake ya mwisho twaonyeshwa tena mti wa uzima ukimea kando ya mto. Na katikati ya bustani ile ya kwanza na mto ule wa mwisho umesimama msalaba wa Kalvari, nao pia ulikuwa mti. Basi mtu aisomaye Biblia yake hawezi kuipita miti kama kitu kisicho na maana.

Twaanza na Edeni. Angalieni jambo moja ambalo wengi hulipita haraka. Aliyepanda bustani ile ni Mungu mwenyewe. Adamu hakuikuta pori tupu. Aliikuta imekwisha pandwa, miti ya kupendeza macho na miti ya chakula. Kisha akapewa kazi mbili, wala si moja. Alipewa kazi ya kulima, na alipewa kazi ya kutunza. Alimaye bila kutunza amefanya nusu ya kazi yake. Naye atunzaye bila kulima, hata watoto wakalala na njaa, huyo pia amefanya nusu. Mungu alizifunga kazi hizi mbili pamoja, nasi yatupasa kuziacha zikiwa zimefungwa.

Sasa, ndugu msikilizaji, twende pwani. Tangu Kiunga kaskazini mpaka Vanga kusini, mahali ambapo maji ya chumvi hukutana na nchi kavu, Mungu amepanda bustani ya namna ya peke yake. Miti yake kwa jumla twaiita mikoko. Katika Kenya iko aina tisa, na watu wa pwani waijua kwa majina: mlilana, mkoko wenyewe, muia, mkandaa, mchu, mkomafi na mingineyo. Eneo lake lote lapata hekta 61,000 hivi, na zaidi ya nusu ya hiyo iko Lamu.

Itazameni kazi ya mikono ya Mungu. Mti wa kawaida ukinyweshwa maji ya bahari hufa. Mikoko husimama humo mchana na usiku. Mchu hutoa chumvi kwa majani yake, hata ukilamba jani utaionja. Matope ya pale hayana hewa, kwa hiyo mchu huinua mizizi yake juu ya matope kama penseli zilizosimikwa, ili ipate kupumua. Mkoko nao husimama juu ya mizizi iliyopindika kama miguu mingi, na mawimbi hupita katikati. Na mbegu ya mkoko haianguki ikiwa mbegu tupu. Huanza kuchipua ikiwa bado imeshikwa na mama yake, ikarefuka kama bamia ndefu, na siku ikianguka, iko tayari kuishi. Mama hamtupi mtoto baharini kabla hajamfundisha kusimama.

Na kazi ya miti hii ni nini? Samaki wengi, kamba na kaa hukua utotoni mwao kati ya mizizi ile, mahali ambapo samaki wakubwa hawawezi kuwafikia. Mvuvi aliye mbali kwenye maji ya kina, pengine hajui kwamba samaki aliye katika wavu wake alilelewa matopeni. Mizizi hushika udongo usiende kuyafunika matumbawe. Shina hupunguza nguvu ya mawimbi yasile ufuo. Na chini yake, katika matope meusi yenye harufu, mmewekwa akiba kubwa ya kaboni, ambayo ikiachiliwa hewani huongeza joto la dunia. Hayo yote hufanywa na mti ambao watu wengi huutazama na kuona kuni tu.

Hata hivyo twajua pia kwamba mti huu umewajenga watu. Nyumba za kale za Lamu zimeezekwa kwa boriti za mikoko, na majahazi yalizipeleka boriti hizo mpaka Uarabuni kwa muda wa karne nyingi. Wakataji wana majina yao kwa kila unene: pau, mazio, boriti, nguzo. Kukata si dhambi. Dhambi huanza pale mtu akatapo kana kwamba yeye ndiye wa mwisho kuzaliwa duniani. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Hata hivyo ukataji wa ndani uliendelea, pamoja na tanuri za mkaa, tanuri za chokaa, na mabwawa ya chumvi. Watafiti waliopima kwa picha za setelaiti waliona kwamba kati ya mwaka 1985 na mwaka 2010 nchi yetu ilipoteza karibu asilimia 18 ya mikoko yake. Katika kila miti mitano, karibu mmoja umekwenda.

Hapa huenda msikilizaji wa bara akasema: Hayo ni mambo ya watu wa pwani, sisi huku hatuna mkoko hata mmoja. Ngoja kidogo, ndugu. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilichukua udongo mwingi na kuumwaga katika hori ya Mwache, karibu na Mombasa. Matope yale yaliifunika mizizi ya kupumulia, na mikoko mingi ikafa imesimama. Hakuna aliyeipiga shoka. Iliuawa na udongo uliotoka juu, katika mashamba yasiyo na matuta na vilima visivyo na miti. Vivyo hivyo mto Athi huanza karibu na Nairobi, ukapita Ukambani, ukabadili jina ukawa Galana, kisha Sabaki, na mwisho wake ni bahari ya kaskazini ya Malindi. Msimu wa mvua bahari ya pale hugeuka rangi ya kahawia. Rangi hiyo ni mashamba ya watu. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba kiungo kimoja kikiumia, viungo vyote huumia pamoja nacho. Alikuwa akisema juu ya kanisa, lakini mto huu watufundisha kwamba hata nchi ni mwili mmoja. Mkulima wa mlimani na mvuvi wa Malindi hawajaonana kamwe, na kumbe ni majirani.

Basi mtu mwenye moyo mwema atasema, Haya, na tupande miti! Hilo ni neno jema, lakini tulifikiri vizuri, kwa maana bidii isiyo na maarifa imekwisha haribu mengi. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, watu wa mataifa mengi walitoa fedha ili mikoko ipandwe katika Sri Lanka. Miche mingi sana ilipandwa, picha zikapigwa. Watafiti walipokwenda baadaye kukagua, walikuta sehemu nyingi miche imekufa, mahali pengine hakuna hata mmoja uliobaki. Kwa nini? Ilipandwa mahali pasipo pake: penye maji mengi mno, au pakavu mno, au aina hii mahali pa aina ile. Mungu ameipanga mikoko kwa safu. Mlilana husimama mbele, ukitazama bahari. Nyuma yake huja mkoko, kisha mkandaa, na mchu kule ambako maji hufika kwa nadra. Ukiuchukua mkoko ukaupanda mahali pa mlilana kwa sababu tu miche yake ni rahisi kuokota, bahari itakuonyesha kosa lako. Mara nyingine kazi ya kwanza si kupanda hata kidogo. Ni kuyafungulia maji njia yaliyozibwa, kisha kungoja. Mbegu zitakuja zenyewe na maji kujaa.

Hivi ndivyo ilivyo hata katika nchi kavu. Tuna methali isemayo, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wako wageni wa namna hiyo. Lakini uko mti uliopandwa Baringo katika miaka ya 1980, na pia katika bonde la Tana, kwa nia njema kabisa, ili watu wapate kuni na kivuli. Watu wauita mathenge. Mgeni huyo alikuja, na mwenyeji hakupona. Ulitambaa ukameza malisho, ukaziba njia za maji, miiba yake ikatoboa miguu ya watu na magurudumu, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Na huko pwani, mwarobaini, ambao asili yake ni bara Hindi, umependwa sana kwa dawa yake. Hatuulaani. Lakini ndege hula matunda yake na kuzipeleka mbegu msituni, na huko humea kwa wingi na kuisonga miti ya asili. Mti unaofaa uani si lazima ufae msituni.

Kwa hiyo, ndugu, panapotajwa kupanda miti katika uwanja wa kanisa au wa shule, ulizeni swali hili moja: Mungu alikuwa amepanda nini hapa kabla yetu? Waulizeni wazee. Watawatajia mkwaju, mbambakofi, mvule, na kule matopeni watawaonyesha mtomondo na mikoko. Miti hiyo imekwisha zoea mvua ya pale na kiangazi cha pale. Nyuki waijua, ndege waijua, na bibi zetu waliijua kwa chakula na kwa dawa.

Hapa twagusa jambo ambalo huwatatiza Wakristo wengi wa pwani, nasi hatutaki kulizunguka. Misitu ya asili iliyobaki vizuri katika nchi ya Wamijikenda, mara nyingi ni ile ya kaya. Wazee waliilinda kwa miiko: usikate, usichunge, usiingie ovyo. Mwaka 2008 misitu hiyo iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Sasa wako Wakristo wanaosema: Kaya ni mahali pa mizimu, basi msitu ule na ufyekwe. Wengine wamenunua ardhi kando yake na kuingiza mashoka bila haya, wakidhani wanaishinda giza.

Wapenzi, tusikilizane. Sisi twamwabudu Mungu mmoja, Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo, wala hatuhitaji kutoa sadaka penginepo. Hilo halibadiliki. Lakini mti ulioko ndani ya kaya aliuumba nani? Zaburi ya 24 yajibu kwamba nchi na vyote viijazavyo ni vya Bwana. Kama ni vya Bwana, basi na mvule wa kaya ni wake. Shetani hakuumba hata jani moja. Aukataye mti ili kumkomesha Shetani amemnyang'anya Mungu. Na tena twapaswa kuona haya kidogo, kwamba mzee asiyeijua Injili aliogopa kukata mti wa Mungu, naye mwenye Injili mkononi haogopi. Dkt. Krapf alipoanzisha misheni Rabai mwaka 1846, aliishi jirani na misitu hiyo ya kaya. Kanisa la Kenya lilianza kandokando ya miti hiyo. Lingekuwa jambo la kusikitisha kama kanisa lingeendelea na miti ikaisha.

Sasa tuseme juu ya riziki. Si haki kumwambia maskini asikate, kisha umwache hapo na sufuria tupu. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma, wakataji wa mikoko wa Lamu walilia, wakauliza watoto wao watakula nini. Kilio hicho kilikuwa cha haki kusikilizwa. Yakobo aliandika kwamba kumwambia ndugu aende kwa amani na akashibe, bila kumpa kitu, hakumfai. Neno hilo lawahusu hata wapenda miti.

Lakini iko njia, na mfano wake uko Kwale, katika ghuba ya Gazi. Mikoko ya pale ilikatwa sana katika miaka ya 1970 kwa kuni za viwanda, mahali pengine pakabaki uwanja mtupu. Mwaka 1991 watafiti wa bahari walianza kupanda tena, kwa kujaribu na kujifunza. Kisha mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wakaanza mradi uitwao Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117 za mikoko, na kwa sababu miti ile huhifadhi kaboni, wako watu ng'ambo wanaolipia kazi hiyo ya ulinzi. Fedha hugawanywa kwa uamuzi wa wanakijiji wenyewe. Zimeleta maji ya bomba, zimenunua vitabu vya shule. Baadaye watu wa Vanga nao wakafuata nyayo hizo. Tazameni jinsi kulima na kutunza kulivyorudi kuwa kitu kimoja: mti umesimama, na mtoto amepata kitabu.

Twamalizia na mzee Ibrahimu. Katika Mwanzo sura ya 21 twasoma kwamba baada ya kufanya mapatano na Abimeleki juu ya kisima, alipanda mkwaju huko Beer-sheba, akaliitia jina la Bwana hapo. Wajuao Kiebrania husema kwamba mti ule ulikuwa wa namna nyingine, wa nchi kavu. Wafasiri wetu walitupa mkwaju, nao walitupa mti tunaoujua. Mtu huyo alikuwa amepita umri wa miaka mia. Hakuwa na shamba lake mwenyewe katika nchi ile, alikuwa mgeni. Mzee wa namna hiyo apanda mti wa nini? Hapandi kwa ajili ya kivuli chake. Apanda kwa sababu ameamini ahadi. Vivyo hivyo Yeremia alinunua shamba kule Anathothi wakati jeshi la Babeli limeuzunguka mji. Kila mtu alikuwa akitafuta njia ya kukimbia, naye alikuwa akihesabu fedha na kutia mhuri hati. Kupanda mti ni kutia mhuri hati ya namna hiyo. Ni kusema kwamba Mungu bado ana shughuli na nchi hii.

Wala asiwepo wa kusema kwamba mahali petu pameharibika mno. Mwaka 1971 bwana mmoja, Rene Haller, alianza kupanda miti katika machimbo ya simenti ya Bamburi, mahali palipobaki mwamba mtupu wa matumbawe na maji ya chumvi. Alijaribu aina nyingi, na nyingi zikafa. Mvinje ulisimama. Lakini majani yake yalianguka yakalundikana bila kuoza, wala udongo haukupatikana. Ndipo wakaletwa jongoo. Jongoo wakala majani yale, na kutoka kwao ukaanza kupatikana udongo, na katika udongo huo ikapandwa miti mingine, hata ya asili. Leo pale ni msitu. Mungu hutumia hata jongoo. Basi wewe, mama uliye na mche mmoja katika mkebe wa maziwa, usijidharau.

Mwaka 1990 baraza la Waanglikana wa dunia liliongeza alama ya tano katika alama za utume wa Kanisa, nayo yahusu kuutunza uumbaji. Na katika mkutano wa Lambeth wa mwaka 2022 makanisa yalialikwa kupanda na kulinda miti kama tendo la ibada. Twapendekeza mambo matatu mepesi. Kwanza, vijana wanapojiandaa kwa kipaimara, kila mmoja aoteshe mche wa mti wa asili ya mahali pake, autunze muda wote wa mafundisho, naye Askofu ajapo auombee pamoja naye. Pili, Umoja wa Akina Mama katika mitaa ya pwani waende kwa wavuvi na kwa watu wa misitu, wajifunze ni aina gani inamea wapi, kabla ya kuokota mbegu hata moja. Tatu, nyinyi wa bara, chimbeni matuta na mwache nyasi kando ya mito. Hiyo ndiyo mikoko yenu.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu, uliyepanda bustani kabla ya mtu kuwa na jembe, twakushukuru kwa mikoko isimamayo kati ya chumvi na nchi kavu, na kwa kila mti ulioupa mahali pake. Wakumbuke wavuvi na wakataji, wapate chakula kwa haki. Wape wenye mamlaka macho ya kuona mbali. Wape vijana wetu subira ya Ibrahimu. Nasi utupande imara katika Mwanao, tuzae matunda kwa majira yake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.